Mama Mwenye Uchungu Asingojeshwe

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi)



Leo ngoma zimechezwa, watoto wameimba, na akina mama wamevaa nguo zao nzuri. Hayo yote ni mema, kwa maana siku hii, ambayo Umoja wa Mataifa ulianza kuiadhimisha mwaka 1975, ni siku ya furaha. Lakini nisingependa turudi nyumbani na furaha tupu. Nataka kusema nanyi juu ya jambo moja tu, nalo ni hili: uchungu wa kuzaa unapomshika mama usiku, ni nani mwenye neno la kusema aende hospitali?

Katika nyumba nyingi neno hilo si lake. Mume yuko safarini, basi yangojewa simu yake. Mama mkwe asema kwamba yeye alizaa watoto wake wote nyumbani na hakudhurika. Fedha zimo sandukuni, na ufunguo hauko. Saa zapita. Mama atokwaye na damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa kwa muda wa saa chache tu. Wahenga walisema kweli: chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Wataalamu waliochunguza vifo vya wazazi waliona ucheleweshaji wa namna tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kukata shauri nyumbani. Wa pili ni kuchelewa njiani. Wa tatu ni kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. Barabara, dawa na wakunga ni deni la Serikali, na ni haki yetu kulidai. Lakini ule wa kwanza umo mikononi mwetu wenyewe.

Si kwamba hatukuendelea. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika nchi yetu ya Kenya, kati ya kila watoto 100, 61 walizaliwa hospitalini au zahanatini. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 82. Hata hivyo, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 355 walikufa. Kila mmoja wao aliacha nyumba, na pengine watoto wasio na wa kuwapikia.

Sheria haina shaka katika jambo hili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kutunzwa afya yake, pamoja na afya ya uzazi, na yakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 45 chasema kwamba mume na mke wana haki sawa katika ndoa. Lakini sheria iliyoandikwa Nairobi haiwezi kufungua mlango wa nyumba usiku. Wa kuufungua ni sisi.

Basi yatupasa kufanya hivi. Mimba ingali changa, mume na mke wapatane kwamba mama akiona dalili ya hatari ataondoka mara moja, awepo mume au asiwepo. Dalili hizo ni kama kutokwa na damu, kuumwa sana na kichwa pamoja na macho kuona giza, degedege, homa kali, au mtoto kuacha kucheza tumboni. Fedha za safari ziwekwe kidogo kidogo, mahali ambapo mama mwenyewe aweza kuzichukua. Jirani mwenye gari au pikipiki aambiwe mapema.

Wanaume wenzangu, mwanamume hapungukiwi heshima kwa sababu mkewe alikwenda hospitali bila kumngoja. Heshima yake ni kumwona akirudi salama, na mtoto mikononi.