Lakiri, Tarishi na Nywila: Usalama wa Ujumbe kutoka Njia ya Misafara ya Tabora hadi Enzi ya Mtandao



1. Utangulizi

Mjadala kuhusu usalama wa mtandao huchukuliwa na wengi kuwa ni mjadala wa mafundi. Mwanaisimu hualikwa mwishoni tu, ili atafute jina la Kiswahili la kitu ambacho kimekwisha kufikiriwa na kuundwa mahali pengine. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba mpangilio huo una kasoro. Maswali yanayoulizwa leo kuhusu simu na kompyuta ni manne: ni nani aliyeupeleka ujumbe huu? Ni nani aliyeufungua njiani? Ni nani anayejua kwamba umepelekwa? Na je, mpokeaji atajuaje kuwa si wa uongo? Maswali haya yaliulizwa katika Kiswahili kabla ya waya wa kwanza wa simu kufika bara, na mahali palipoulizwa kwa uzito mkubwa ni Tabora.

Hoja kuu ni kwamba lugha yenyewe ni sehemu ya ulinzi. Mtu asiyeelewa maneno ya onyo hana kinga, hata kama programu yake ni bora kuliko zote.

2. Barua na mchukuzi wake

Katika karne ya 19, Tabora, iliyoitwa pia Kaze, katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwa kituo kikuu cha njia iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze mwezi wa Novemba. Hapo njia ziligawanyika: moja kwenda Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu, nguo, shanga na watumwa vilipita hapo. Na pamoja navyo zilipita barua.

Barua ya njia hiyo haikuwa na posta. Ilikabidhiwa tarishi, au mfanyabiashara aliyekuwa akielekea upande uleule, ikawa amana mikononi mwake. Mara nyingi aliyetaka kuandika hakujua kuandika, na aliyepelekewa hakujua kusoma. Kwa hiyo karani mmoja aliiandika na karani mwingine aliisoma. Ujumbe wa watu wawili ulikuwa na masikio manne au sita. Ndiyo maana methali isemayo “siri ya mtungi iulize kata” inafaa kuwa kanuni ya kwanza ya somo hili: anayejua yaliyomo ndani si mwenye mtungi peke yake, bali na kila chombo kinachochota humo.

Kata ya leo ni kampuni ya simu, mwenye seva, na wakala wa fedha ambaye mteja asiyeweza kusoma maandishi ya simu humtajia namba yake ya siri ili amsaidie. Uhusiano ni uleule wa mwenye barua na karani. Kilichobadilika ni kwamba karani wa Tabora alionekana kwa macho, na uaminifu wake ulijulikana mtaani.

Hata hivyo, historia haituruhusu kusema kwamba siri daima ni jambo jema. David Livingstone alifika Ujiji mwezi wa Machi 1869, akaandika barua nyingi za kupelekwa pwani. Katika shajara zake, zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, alilalamika kwamba wafanyabiashara wa Ujiji hawakutaka kuzichukua, kwa kuwa waliogopa matendo yao katika biashara ya watumwa yasije yakajulikana. Hapa mwenye njia ndiye aliyeamua ni ujumbe gani upite na upi usipite. Hakuhitaji kuifungua barua; ilitosha kujua nani ameiandika na inakwenda kwa nani.

Hili ni jambo ambalo watumiaji wengi wa simu hawalipi uzito. Yaliyomo katika ujumbe ni sehemu moja tu ya siri yake. Anwani, saa, mahali na idadi ya mara ambazo watu wawili wamewasiliana ni habari kamili kwa mwenye kuzikusanya. Mwaka 2016 WhatsApp ilikamilisha mpango wa kufunga kwa maandishi fiche mazungumzo ya watumiaji wake wote, mwanzo hadi mwisho. Lakini ufungaji huo hufunika barua, haufuti anwani.

3. Lakiri tano za Kwihara

Kwihara ni kijiji kilicho karibu na mji wa Tabora, ambako Livingstone na Henry Morton Stanley walikaa pamoja katika tembe mwezi wa Februari na Machi 1872. Stanley alipoondoka tarehe 14 Machi, Livingstone alimkabidhi shajara yake, ikiwa imefungwa na kupigwa lakiri tano. Kwa kuwa hapakuwa na mihuri maalumu, sarafu ndizo zilizogongwa juu ya lakiri: sarafu ya dhahabu ya Marekani, anna na nusu anna za Kihindi, na kipande cha rangi ya kuchorea chenye nembo ya kifalme. Juu yake yaliandikwa maneno ya kukataza kabisa isifunguliwe.

Yafaa kuuliza lakiri hiyo ilifanya kazi gani. Haikuweza kumzuia mtu mwenye kisu. Kazi yake ilikuwa kutoa ushahidi: kama ingevunjwa, mpokeaji angejua. Na mchanganyiko wa alama zisizokutana kwa urahisi mahali pamoja ulifanya iwe vigumu kwa mvunjaji kuibandika upya. Kufuli humzuia mtu, lakiri humuumbua. Hizo ni kazi mbili, na istilahi za Kiswahili hazina budi kuzitenganisha. Tunapoita kila hatua ya ulinzi “kufunga”, tunapoteza tofauti kati ya maandishi fiche, ambayo huzuia kusomwa, na saini ya kidijitali, ambayo huonyesha kuwa maandishi hayakubadilishwa na kwamba yametoka kwa mwenyewe. Neno “lakiri” lingeweza kurudishwa kazini kwa maana hiyo ya pili bila taabu yoyote.

Ushahidi huo ulihitajika mapema. Stanley alipofika Uingereza mwaka 1872, wako waliotilia shaka safari yake na kudai kuwa barua alizozileta ni za kughushi. Shaka hiyo ilijibiwa kwa mwandiko: mwana wa Livingstone na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza walithibitisha kuwa maandishi yalikuwa ya Livingstone mwenyewe. Mwandiko ulifanya kazi ambayo leo hufanywa na ufunguo wa hesabu.

4. Mzigo uliobadilishwa sura

Mfano wa tatu hauhusu barua. Livingstone alifariki mwaka 1873, na watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuchukua mwili wake kuelekea pwani. Huko Unyanyembe walimkuta Luteni Cameron, aliyeshauri uzikwe hapohapo, wao wakakataa. Walipofika Kasekera, mbele ya Unyanyembe, wakakuta wenyeji hawataki maiti ipite. Ndipo walipotumia hila. Walifunga mabua ya mtama kama sanda, wakatangaza kuwa maiti inarudishwa Unyanyembe ikazikwe, na watu sita wakaondoka nayo. Walipofika mbali wakayatupa mabua porini. Mwili wenyewe ulifungwa upya, ukafanana na mzigo wa kawaida wa bidhaa. Mzigo huo ulifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, na mazishi yakafanyika London tarehe 18 Aprili.

Wasomi wa usalama wa habari hutenganisha kuficha maana na kuficha kuwapo. Maandishi fiche huonekana, ila hayasomeki. Mzigo wa Kasekera ulionekana na kila mtu, ila hakuna aliyejua kuwa ndio wenyewe. Waliobuni mbinu hiyo walikuwa watu wa msafara, ambao vitabu vingi viliwataja kama miguu na mabega tu.

5. Kinyume na programu huria

Kuficha maana nako kuna historia yake katika Kiswahili. Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870, alieleza namna ya usemi iitwayo Kinyume, ambapo silabi ya mwisho hutangulizwa mwanzoni: siri ikawa “risi”, safari ikawa “risafa”. Kinyume kinafurahisha, lakini udhaifu wake ni dhahiri: anayeijua kanuni ameyajua maneno yote.

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kwamba mfumo mzuri wa maandishi fiche ni ule usioharibika hata kanuni yake ikimwangukia adui. Kinachopaswa kuwa siri ni ufunguo peke yake. Fundi seremala anaweza kumweleza kila mtu jinsi kufuli inavyofanya kazi bila kuwapa ufunguo wa nyumba yake. Kwa msingi huu watetezi wa programu huria husema kuwa programu ambayo maandishi yake yako wazi yaweza kukaguliwa na wengi, na kasoro zake zikaonekana. Wapinzani hujibu kwamba uwazi haukagui chochote kama hakuna anayesoma. Pande zote mbili zina haki, na jibu limo katika kuwa na wasomaji.

Hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina sehemu yake. Mwezi wa Desemba 2004, mradi wa Kilinux, ulioshirikisha chuo hicho na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu maandishi ya programu yalikuwa wazi. Ilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kukaa ndani ya mashine, si kuieleza kutoka nje tu.

6. “Ile hela”: sarufi ya ulaghai

Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zianze, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ujumbe mmoja umekuwa maarufu kuliko mashairi mengi. Huanza ghafla kwa maneno “ile hela”, kisha humwagiza mpokeaji aitume kwenye namba fulani, na kumwonya kuwa jina litakalotokea ni la mtu mwingine.

Ujumbe huu hauvunji programu yoyote. Unavunja sarufi, au tuseme unaitumia. Kama mwandishi angesema “hiyo hela”, angehitaji kuwa ameitaja kabla. Kionyeshi “ile” hakidai kutajwa; kinadai kumbukumbu ya pamoja kati ya wasemaji wawili. Mpokeaji mwenye deni, karo au kodi ya nyumba kichwani huijaza nafasi hiyo mwenyewe. Anaukamilisha uongo kwa ukweli wake.

Tanbihi ya pili ni ya utanzu. Barua ya Kiswahili ya mapokeo, kama zile zilizokusanywa na Büttner mwaka 1892, ilianza kwa jina na sifa za mpelekewa, ikafuata salamu na habari za hali, ndipo jambo lenyewe. Salamu hizo ndefu huonekana kuwa mapambo, lakini zilikuwa pia uthibitisho: aliyejua jina, ukoo na hali ya nyumba alionyesha kuwa ni mtu wa karibu. “Ile hela” haina jina wala salamu. Hiyo ndiyo alama yake ya kwanza.

Mbinu yenyewe ni ya kale. Katika tawasifu yake ya Kiswahili, Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Tabora, anaeleza alivyojitambulisha kwa mtawala mzee Kasongo Rushie, katika Kongo ya leo, kuwa ni mjukuu wa dada yake aliyetekwa zamani. Alikuwa ameisikia hadithi ya utekaji huo. Akaingia ndani yake. Mzee akampokea kama jamaa na kumwachia utawala. Mlaghai hodari haleti hadithi mpya. Huingia katika hadithi ambayo mlaghaiwa anaitamani.

Kwa sababu hiyo istilahi “barua taka” haitoshi. Takataka hujulikana kwa kuitazama. Ujumbe unaodhuru ni ule usiofanana na taka. Yafaa “barua taka” libaki kwa matangazo yasiyoombwa, na “hadaa” litumike kwa ujumbe wa kujifanya.

7. Siri na faragha

Vivyo hivyo, “siri” na “faragha” si kitu kimoja. Siri ni neno lisilopaswa kutoka. Faragha ni nafasi ambayo mtu hukaa bila kuingiliwa, hata kama hana neno la kuficha. Anayesema “sina siri, kwa hiyo sihofu kuchunguzwa” amechanganya mawili hayo. Mlango wa chumba haufungwi kwa kuwa ndani kuna uhalifu.

Sheria zimeifuata tofauti hii polepole. Katiba ya Tanzania, kwa mabadiliko ya mwaka 1984, ilitambua katika Ibara ya 16 hifadhi ya maisha binafsi na mawasiliano ya mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Kenya ilikuwa na yake tangu 2019. Sheria hizi hutegemea sana ridhaa ya mtu. Lakini ridhaa ni tendo la lugha. Anayebonyeza “nakubali” chini ya kurasa za Kiingereza asizozielewa amebonyeza tu, hajaridhia.

8. Hitimisho

Kazi inayowangoja wanafunzi wa Kiswahili, basi, inazidi kutafuta majina. “Nywila” ni istilahi fupi na inastahili nafasi yake kamusini. Lakini katika onyo kwa umma, “namba ya siri” hubeba amri ndani yake, kwa kuwa aisikiaye anajua mara moja kwamba haisemwi. Mtunzi wa istilahi hana budi kujua ni wapi ufupi unafaa na ni wapi uwazi unaokoa fedha ya mjane.

Njia ya misafara ilipitisha amana, hila na uongo, na Kiswahili kilikuwa na neno kwa kila kimoja. Mtandao unapitisha hivyohivyo, kwa kasi isiyomsubiri mpagazi. Maneno yapo, yanahitaji kupangwa, kufundishwa na kuandikwa pale kidole cha mtumiaji kinapogusa.