Samaki na Ndoana ya Matapeli

Leo tuna neno na wanafunzi wa vyuo vikuu kuhusu matapeli wa mtandaoni. Wazazi mnaowatumia hela ya matumizi, msiondoke.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walitoa matokeo ya mchezo wa kompyuta uitwao Anti-Phishing Phil. Mchezaji anakuwa samaki mdogo. Mbele yake wanaelea nyungunyungu, kila mmoja amebeba anwani ya tovuti. Wa tovuti halali, mle. Wa matapeli, mkatae, maana ndani yake mna ndoana. Akikwama, baba yake, samaki mzoefu, anampa dokezo.

Anachojifunza ni kusoma anwani. Ukiona jina la benki yako, nukta, zawadi, nukta com, hiyo si tovuti ya benki. Mwenyewe ni “zawadi”, jina lililogusana na nukta com. Jina la benki limetangulizwa kukuzuga tu.

Waliocheza walizitambua tovuti bandia vizuri kuliko waliosoma maelezo ya kawaida. Na tuseme kweli, nani humaliza kusoma kijitabu cha usalama wa mtandao? Kwenye mchezo unanaswa, unacheka, unarudia, na hela yako ipo palepale.

Wahadhiri, wapeni wanafunzi michezo ya namna hii. Nawe mwanafunzi, ukitumiwa kiungo cha mkopo au ajira, usikibonyeze. Andika mwenyewe anwani ya ofisi husika, na namba yako ya siri usimtajie mtu yeyote.