Mgeni wa chuo na neno la siri la waifai

Nimepewa dakika tano na nitaongea kuhusu waifai. Msicheke.

Mwaka jana nilikaa wiki mbili kwenye chuo kimoja, si changu, nikitafuta data ya utafiti. Waifai ilikuwepo, inashika mpaka chini ya mwembe. Neno la siri, nikaambiwa, ni la wanafunzi wa hapa. Nikaandika barua. Barua ikasubiri mtu wa kusaini, mtu yuko semina. Boom lilishakata, nikawa naunga bando la saa moja moja nimtumie msimamizi wangu sura ya tatu. Siku ya mwisho bando likaisha faili likiwa nusu. Wazee husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi mpaka siku ya kumi na nne sikupewa hata mpini.

Na dawa ipo, inaitwa eduroam. Wazo lilitolewa mwaka 2002 na Klaas Wierenga, aliyekuwa SURFnet, mtandao wa vyuo vya Uholanzi. Leo iko nchi zaidi ya 100. Ukifika chuo cha wenzako unaingia kwa jina na neno la siri la chuo chako. Mwenyeji hakujui, wala hana haja. Anaangalia kilichoandikwa baada ya alama ya @, swali linakwenda kwenu, seva ya kwenu inajibu: huyu wetu, au hatumjui. Neno lako la siri linapita limefungwa, mwenyeji halioni. Ni sekunde chache tu.

Yaani chuo chako ndicho kinakudhamini. Kwa hiyo chuo kisichojiunga hakimuumizi mgeni peke yake, kinawaacha wanafunzi wake bila mdhamini popote waendako.

Kuna watakaosema usalama. Jamani, usalama gani wa neno la siri moja lililobandikwa ukutani? Kwenye eduroam mhuni anajulikana kwao. Ila na wewe fuata maelekezo ya chuo unapoweka mipangilio, usibonyeze tu "kubali", maana mtu anaweza kufungua mtandao wenye jina hilohilo akachota neno lako la siri.

Wakenya wana KENET, Waganda wana RENU, sisi tuna TERNET. Tusiende kuuliza tutaletewa lini. Tuulize: chuo chetu kimejiunga? Kama kimejiunga, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana akaunti, au ni wahadhiri tu? Na mgeni akifika leo, itashika?

Barua ya kuuliza ofisi ya TEHAMA nimeshaiandika, nakala ziko pale mezani. Weka jina la chuo chako, saini, peleka Jumatatu, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.