Picha Zisizofika: Kwa Nini Mfadhili Huona Kisanduku Kitupu

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya makatibu na watunza hazina wa sharika, Uwemba.



Nimeombwa niseme juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni picha tunazotuma kwa barua pepe. Naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Tulipomaliza awamu ya kwanza ya mradi mmoja wa maji ya mserereko, niliandika taarifa na kuweka ndani yake picha sita: mtaro, mabomba, msingi wa tangi, na akina mama wakisomba mawe. Kwangu zilionekana vizuri. Kwa mfadhili vilifika visanduku sita vitupu vyenye alama ya X. Kamati yao ilikaa bila kuona kazi, ikaahirisha uamuzi hadi kikao kilichofuata. Miezi hiyo yote mabomba yalilala stoo, na wananchi waliochimba mtaro kwa nguvu zao wakaanza kuuliza, "Fedha zimekwenda wapi?" Fedha zilikuwepo kazini. Ushahidi ndio haukufika.

Basi tujifunze chanzo chake. Barua pepe hapo mwanzo ilibeba maandishi tu. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walichapisha utaratibu uitwao MIME, ambao huwezesha picha kugeuzwa kuwa herufi, zikasafiri ndani ya barua na kugeuzwa tena kuwa picha huko ziendako. Picha zinaposhindwa kuonekana, mara nyingi ni kwa sababu moja kati ya hizi nne.

Kwanza, picha haikuondoka. Hili ndilo lililonipata. Barua haikuwa na picha yenyewe, bali ilielekeza mahali ilipo ndani ya kompyuta yangu. Ni sawa na kumwandikia mtu, "Picha ipo kabatini kwangu." Mimi ninayeishi na kabati naiona, yeye aliye mbali hawezi kuifungua.

Pili, picha iko kwenye tovuti, na barua inaiita kutoka huko. Programu nyingi za barua, kama Outlook, kwa kawaida huzuia picha za namna hii mpaka msomaji aruhusu. Sababu ni ya msingi: picha ikiitwa, aliyetuma anaweza kujua kwamba barua imefunguliwa, na wafanyabiashara wa matangazo hutumia mbinu hiyo. Gmail ilianza kuzionyesha zenyewe Desemba 2013, kwa kuzipitisha kwanza kwenye mitambo yake. Hata hivyo, ukiifuta picha kwenye tovuti, msomaji atakayefungua barua baadaye anaweza asiione.

Tatu, ukubwa. Kugeuza picha kuwa herufi huongeza uzito kwa karibu theluthi moja, hivyo picha za megabaiti 18 huwa kama 24. Gmail hairuhusu kutuma viambatisho vinavyozidi megabaiti 25, na ofisi nyingine zina kipimo kidogo zaidi. Barua hurudishwa, au hukwama njiani huku bando likiisha.

Nne, aina ya faili. Tangu mwaka 2017 simu za iPhone huweza kuhifadhi picha kwa mfumo wa HEIC, ambao kompyuta nyingine haziufungui. JPEG hufunguka karibu kila mahali.

Sasa tufanyeje? Naomba kila usharika ushike haya:

1. Ambatanisha picha kama faili za JPEG. Usitegemee picha iliyobandikwa katikati ya maandishi peke yake.
2. Punguza picha hadi upana wa pikseli 1200 hivi. Inatosha kabisa kusomwa kwenye kompyuta. Picha halisi itunzwe ofisini.
3. Tuma tatu au nne zinazoeleza kazi, si ishirini zinazofanana.
4. Andika chini ya kila picha: ni nini, wapi, tarehe gani. Picha ikikosekana, maneno yabaki yakishuhudia.
5. Kabla ya kumtumia mfadhili, jitumie wewe mwenyewe, kisha fungua kwenye simu ya mtu mwingine au kompyuta ya steshenari. Kompyuta uliyoandikia isiwe shahidi wako.

Mfadhili akisema haoni picha, usitume barua ileile tena. Muulize anaona nini. Akiona ombi la kuruhusu picha, aruhusu, akiwa na hakika kwamba barua imetoka kwetu. Akiona X au nafasi tupu, tuma picha upya kama viambatisho.

Tusisahau pia wale waliomo pichani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mtu aombwe ridhaa kabla picha yake haijatumwa, na kwa mtoto, mzazi au mlezi aulizwe.

Kwa ninyi marafiki wafadhili mtakaosoma maneno haya: mkiona kisanduku kitupu, tuandikieni siku hiyohiyo. Msisubiri kikao.

Taarifa yangu ile niliituma upya, picha nne kama viambatisho, nazo zikafunguka. Mfadhili alitoa awamu ya pili, na tangi likajengwa. Lakini wale akina mama walikuwa wamesubiri miezi yote hiyo kwa kosa ambalo dakika tano za kujaribu zingelizuia. Dakika hizo tano ni deni letu kwao.