Ukoo wa Wanyama Husomwa Mifupani



Mwaka 1735, Carl Linnaeus wa Uswidi alipochapisha kwa mara ya kwanza jedwali lake la viumbe, nyangumi na pomboo aliwaweka pamoja na samaki. Mwaka 1758, katika toleo la 10, aliwatoa huko akawaingiza kwenye mamalia. Nyangumi walikuwa walewale. Yeye ndiye aliyekuwa ameanza kutazama kwingine. Safari hii alihesabu moyo wenye damu moto, mapafu, kope zinazofumba, matundu ya masikio na chuchu zinazonyonyesha. Mapezi na mkia, ambavyo kila mtu huviona kwanza, akaviweka kando.

Hoja yangu jioni hii ni nyepesi kuitamka, ngumu kuitumia: viungo vya mnyama havina uzito sawa katika ushahidi wa ukoo. Umbo la nje mara nyingi hutueleza mnyama anaishije. Ujenzi wa ndani hutueleza ametokana na nani. Charles Darwin alilisisitiza jambo hili mwaka 1859: kadiri kiungo kinavyohusika kidogo na shughuli za kila siku za mnyama, ndivyo kinavyomfaa zaidi mwainishaji.

Walazeni papa na pomboo ubavu kwa ubavu. Wote wamechongoka, wote wana pezi mgongoni. Sasa tazameni mkia. Wa papa umesimama wima, nao hupiga kushoto na kulia; wa pomboo umelala bapa, hupiga juu na chini. Sababu iko kwenye uti wa mgongo. Mababu wa pomboo walitembea nchi kavu kwa miguu minne, na mgongo wa mamalia anayekimbia hupinda na kunyooka juu chini, kama tunavyouona kwa duma. Pasueni na pezi la ubavuni. La papa limejengwa kwa vijiti vya gegedu. Ndani ya la pomboo mtakuta mfupa mmoja wa mkono wa juu, miwili ya kigasha, vifupa vya kifundo cha mkono, na vidole vitano.

Hesabuni pia shingo. Twiga ana pingili saba. Panya saba, binadamu saba, na nyangumi, ambaye shingo yenyewe haionekani, saba. Wanaokiuka idadi hiyo ni wachache mno, kama vile manatii na slothi wa Amerika. Twiga angenufaika na pingili kumi na tano, lakini alirithi saba, ikabidi kila moja irefuke. Hesabu isiyomfaa mwenye nayo ndiyo ninayoiamini kuliko zote.

Tuje kwa pimbi, anayeota jua juu ya mawe ya Serengeti na ambaye wengi humdhania jamaa wa panya. Mfungueni mdomo. Meno yake mawili ya mbele ya juu hayakomi kukua, nayo ni pembe ndogo. Pembe za ndovu nazo, kwa anatomia, ni meno ya mbele ya taya la juu. Za ngiri, zinazofanana nazo kwa macho, ni chonge. Kwa hiyo meno ya pimbi yanaoana na ya ndovu, si na ya ngiri. Vidole vya miguu ya pimbi vina kucha bapa mithili ya kwato ndogo, isipokuwa kimoja cha ndani cha mguu wa nyuma, chenye ukucha uliopinda wa kujikunia. Korodani za dume hubaki tumboni maisha yake yote, kama za ndovu. Mbebeni na nguva kwenye kundi hilo: chuchu zake ziko karibu na kwapa, kama za ndovu jike, na pembe za nguva dume pia ni meno ya mbele. Pimbi, ndovu na nguva ni ukoo mmoja, ingawa mmoja anapanda majabali, wa pili anaangusha miti na wa tatu anakula nyasi za bahari.

Hapo anatomia ilipata sifa. Kwa sange ilikwama. Mnyama huyu wa pua ndefu anayetafuta wadudu kwenye majani makavu aliwekwa kwa muda mrefu na kirukanjia, kwa sababu ya pua na chakula chake, yaani kwa sababu ya maisha yake. Miaka ya 1990 vinasaba vilimhamishia upande wa ndovu, pimbi, nguva na muhanga, na mwaka 1998 kundi hilo likaitwa Afrotheria. Wanaanatomia wengi hawakufurahi. Baadaye walirudi kwenye makabati ya makumbusho wakakuta dalili zilizokuwapo siku zote: katika wengi wa kundi hilo, meno ya kudumu hukamilika kuota baada ya mwili kukaribia ukubwa wake kamili, na pingili za mgongo huzidi idadi ya kawaida ya mamalia. Mifupa haikuwa imesema uongo. Iliulizwa maswali mabaya. Na kazi haijaisha: sange mwenye uso wa kijivu wa milima ya Udzungwa, mnyama wa takriban gramu 700, alielezwa kisayansi mwaka 2008 tu.

Nije kwa silikanti, ambaye pwani yetu ina haki ya kumzungumzia. Desemba 1938, mjini East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji huo alimwona samaki wa ajabu kwenye shehena ya meli ya uvuvi. Mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith akamtambua kuwa wa kundi lililojulikana kwa visukuku tu, lililodhaniwa kutoweka zamani za dinosau. Mwaka 1952 akapatikana Komoro, 2001 Malindi, na kuanzia 2003 Tanzania, hasa Tanga, ambako wengi walinaswa na majarife ya papa yaliyotegwa kwenye maji ya kina. Hifadhi ya bahari yenye jina lake ilianzishwa Tanga mwaka 2009.

Mshikeni pezi. La changu ni kipepeo: miiba laini iliyotandazwa kutoka safu ya vifupa vidogo vilivyo mwilini. La silikanti lina shina la nyama, na ndani yake mfupa mmoja umeungana na bega, kama mkono wangu huu ulivyoungana na bega langu. Kwa ukoo, basi, silikanti yuko karibu zaidi na mvuvi aliyemvua kuliko na changu aliye kwenye wavu huohuo. Kamongo wa Ziwa Victoria, mwenye mapafu, yuko karibu nasi zaidi hata ya silikanti.

Nimewaibia haki wanyama wasio na uti wa mgongo, ambao ni zaidi ya 95 kwa mia ya spishi zote za wanyama. Niwape mfano mmoja. Mwaka 1817 Georges Cuvier aliweka kiti cha pweza pamoja na yavuyavu, kwa kuwa miili yao imepangwa kuzunguka kitovu. Lakini kiti cha pweza akiwa lava ana kushoto na kulia, na katika kiinitete chake, kama katika chetu, tundu la kwanza huwa njia ya haja kubwa. Mdomo hutoboka baadaye. Pweza mwenyewe, mwenye mioyo mitatu, macho makali na akili nyingi, yuko mbali nasi kuliko hicho kinachoitwa kiti chake.

Jedwali la shuleni la samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia silipingi. Lina kazi yake. Ila linamficha mamba, ambaye moyo wake una vyumba vinne kamili na ambaye ni jamaa wa kuku kuliko wa mjusi. Na kobe hajulikani vizuri anakaa wapi. Fuvu lake halina matundu nyuma ya macho waliyo nayo reptilia wengine, kwa hiyo zamani aliwekwa pembeni peke yake. Vinasaba vinamweka na mamba na ndege. Visukuku vya Eunotosaurus wa Afrika Kusini, wa miaka milioni 260 iliyopita, anayedhaniwa kuwa jamaa wa kale wa kobe, vinaonyesha mbavu zilizopanuka na, kwa walio wachanga, tundu kwenye fuvu. Kobe ndiye mnyama pekee mwenye uti wa mgongo ambaye mfupa wa bega uko ndani ya mbavu. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aanze na bega hilo.