Tarumbeta za Kanisani: Kutoka Machame hadi Washington



Mwaka jana, katika sherehe kama hii, tulisimama kuimba Wimbo wa Taifa. Muziki ulitoka kwenye simu. Tulipofika ubeti wa pili likaingia tangazo la biashara, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tulicheka, lakini baadaye tuliona aibu. Maana ukumbini mle walikuwamo watoto wetu wanaopiga tarumbeta, tromboni na tuba katika bendi za shule hapa Maryland na Virginia. Vyombo vyao vilibaki nyumbani. Hatukuwaomba wavilete.

Leo basi tumeona tuwaeleze watoto hawa jambo ambalo pengine hatujawahi kuwaambia. Tarumbeta si chombo cha shule ya Marekani tu. Ni chombo cha babu zao pia.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893. Wamoravian walikuwa wamekwisha kufika Rungwe mwaka 1891. Makanisa ya kwao Ujerumani yalikuwa na desturi ya kwaya za tarumbeta: nyimbo za ibada hupigwa kwa sauti nne, kama kwaya inavyoimba, kuanzia soprano hadi besi. Chombo hicho kilifaa sana kwetu. Hakihitaji umeme, kinabebeka kwa miguu mlimani, na aliye ng'ambo ya bonde anakisikia. Kinanda hukaa kanisani. Tarumbeta humfuata mtu hadi harusini na hadi makaburini.

Vita Kuu mbili ziliwaondoa wamisionari wa Kijerumani. Walimu na wazee wa makanisa, watu wa palepale, ndio walioshika ibada na nyimbo. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru wa Tanganyika, makanisa saba ya Kilutheri yakaungana kuwa KKKT. Leo, Jumamosi jijini Dar es Salaam, utaona matarumbeta juu ya pikapu yakiongoza msafara wa bibi harusi, na watu wanacheza barabarani. Nani anayakumbuka tena kama kitu cha Wajerumani? Yamekuwa yetu kwa sababu tumeyapiga.

Na hapa Washington tunapoishi, wenzetu Wamarekani Weusi wana historia inayofanana na hiyo. Kanisa la United House of Prayer for All People lina makao makuu yake katika jiji hili. Mwanzilishi wake, Askofu Charles Manuel Grace, alikuwa mhamiaji kama sisi. Alizaliwa kisiwa cha Brava, Cape Verde, akaja Massachusetts, na huko West Wareham akajenga nyumba ya sala ya kwanza mwaka 1919. Kanisa liliandikishwa rasmi hapa Washington mwaka 1927. Bendi zake ni za tromboni hasa. Tromboni moja huanza kama kiongozi wa wimbo, na nyingine huitikia kwa pamoja, mpaka waumini wanasimama. Mlio wake huteleza kama sauti ya mtu anayelia au anayeshangilia. Kings of Harmony na Sweet Heaven Kings ni bendi za mji huu huu. Watoto hukua wakizisikia, kisha wakubwa huwafundisha. Hivyo ndivyo bendi inavyodumu.

Sasa turudi kwetu. Wimbo wetu wa Taifa nao ulianzia kanisani. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, aliutunga mwaka 1897. Ukavuka mipaka, ukapata maneno ya Kiswahili, na leo Mkristo, Mwislamu na asiye na dini wanausimamia kwa heshima moja. Kwa hiyo tunayoyaomba hayawahusu Wakristo peke yao.

Wazazi, mnalipia kodi ya vyombo hivyo kila mwezi. Mnawapeleka watoto mazoezini kwenye baridi na kuwasubiri garini. Tunawaomba Jumamosi chache tu kabla ya sherehe ya mwakani. Nota za Wimbo wa Taifa hazijazi hata kurasa mbili. Wazee waliowahi kupiga tarumbeta huko nyumbani, njooni mkae na vijana hawa, hata kama midomo imesahau.

Nanyi watoto, msiogope kukosea. Mkikosea noti moja, sisi tutaendelea kuimba. Ile simu ilipokatizwa na tangazo, tulinyamaza wote.

Mwakani simu zikae mifukoni.

Mungu ibariki Tanzania.