Baiskeli ya kukunja ni nzuri, lakini ipite wapi?



Wengi wanatuuliza juu ya zile baiskeli za kukunja tunazoona ku simu. Ni kweli, zimefikiriwa vizuri. Brompton, inayotengenezwa London, ina magurudumu ya inchi 16, uzito kama kilo 11 ao 12, na mwenye kuizoea anaikunja kwa sekunde 20 hivi. Kule mtu anashuka treni, anaifungua, anaenda kazi. Usiku inalala ndani ya nyumba, mwizi ataionea wapi?

Tuilete sasa kwetu. Gurudumu ndogo inazama mu shimo ambamo gurudumu kubwa inapita. Ku mawe ya volkano ya Goma, kile kiungo cha kukunjia kitalegea, na fundi wa mutaa hana piese yake. Mvua ikinyesha kati ya Sake na Masisi, utaikunja kweli, lakini ju ya kuibeba ku kichwa!

Angalieni chukudu. Ni mbao. Gurudumu ni mbao yenye kuvishwa mpira wa tairi nzee, na ya kuisimamisha ni kipande cha tairi unachokanyaga kwa mguu. Haina mnyororo, haina pedali. Ikivunjika njiani, panga na misumari vinatosha. Inashuka na viazi na makala, mamia ya kilo. Goma iliijengea sanamu ya rangi ya zahabu. Kijana anayeisukuma ku mlima, yeye hajajengewa hata barabara.

Kwa hiyo, kama unaishi mu chumba kidogo mujini na njia yako ni lami, ya kukunja itakusaidia, kama mfuko unaruhusu. Wengine, chukueni baiskeli ya kawaida ya chuma, gurudumu kubwa, na kiti cha mizigo nyuma. Piese ziko sokoni.

Lakini baiskeli gani itaruka bariere? Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu bariere 798 mu Kivu zote mbili. Kamba inavutwa, mama wa maharagi analipa, mtu wa chukudu analipa. Walikale ni mbaya zaidi: kule Kilambo ndege zilikuwa zinatua juu ya lami ya barabara, na mawe ya Bisie watu waliyabeba ku mugongo mu pori, kilo 50 kwa safari, mpaka Njingala.

Na kila lita ya mafuta inayouzwa kihalali inakatwa pesa ya FONER, mfuko wa kutunza barabara. Kila motari analipa, ajue ao asijue. Basi, kila mutaa uandike: shimo liko wapi, bariere iko wapi, nani anavuta kamba, anaomba ngapi, anatoa karatasi ao hatoi. Msiandike majina ya wenye kuwapa habari. Hiyo ndiyo orodha tutaibeba ku ofisi.